A-unganifu Mnadani: Jinsi ya Kutambua Sarafu Bandia kwa Kusoma Maneno Yake

Mtu anayenunua sarafu ya kale katika mnada wa mtandaoni hapati kuishika kabla ya kulipa. Hawezi kuigonga mezani asikie mlio wake, hawezi kuiweka kwenye mizani, hawezi kupitisha ukucha ukingoni. Anachopewa ni picha mbili tatu, aya fupi ya maelezo na saa inayohesabu dakika zilizobaki. Kwa hiyo kitu cha kwanza anachokinunua ni matini. Sarafu yenyewe hufuata baadaye kwa posta, na ndipo wengi wanapogundua kwamba maneno na chuma havilingani.

Nina sababu mbili za kuandika juu ya jambo hili katika jarida la kitivo chetu. Kwanza, sarafu za kwetu zinauzwa katika minada hiyo: za Dola Huru ya Kongo, za Kongo ya Ubelgiji, za Katanga ya 1961, za Zaire, pamoja na misalaba ya shaba ambayo dunia nzima inaijua kwa jina la Katanga. Pili, wakusanyaji wa sarafu wana miongozo mizuri ya kutazama chuma, lakini kusoma tangazo ni kazi ya watu wa lugha. Hoja yangu ni hii: sehemu kubwa ya udanganyifu wa mnadani imejificha katika kirai kifupi kinachounganishwa kwa -a. Sarafu ya dhahabu. Sarafu ya Katanga. Sarafu ya 1887. Anayejua kuifungua -a hiyo na kuigeuza kuwa kitenzi amefika nusu ya safari. Nusu iliyobaki ni mizani.

Kirai kinachoficha kitenzi

Tunafundishwa mapema kwamba a-unganifu hubeba mahusiano mengi bila kutaja ni lipi. Kikombe cha chai chaweza kuwa na chai ndani, au kiwe kitupu lakini cha kunywea chai. Nyumba ya mwalimu yaweza kuwa mali yake, au ya shule aliyopewa akae. Katika mazungumzo ya kawaida muktadha hutatua tatizo, na hatuhisi hata kwamba tatizo lilikuwapo. Mnadani muktadha ni mwembamba, na muuzaji ndiye anayeutengeneza.

Chukua "sarafu ya dhahabu". Msomaji anaelewa kwamba imetengenezwa kwa dhahabu. Muuzaji akibanwa atasema alimaanisha rangi. "Sarafu ya Katanga" yaweza kuwa ilitolewa na mamlaka ya Katanga, au iliokotwa Katanga, au ina picha inayohusu Katanga na ilitengenezwa mwaka jana katika nchi nyingine kabisa. "Sarafu ya 1887" yaweza kuwa ilipigwa mwaka 1887, au imeandikwa 1887 tu.

Dawa yake ni rahisi kueleza. Kila -a ya tangazo igeuzwe kuwa sentensi yenye kitenzi, na sentensi hiyo itaje mtendaji, malighafi au wakati. "Ya dhahabu" iwe "imetengenezwa kwa dhahabu ya kiwango fulani". "Ya Katanga" iwe "ilitolewa na Benki ya Taifa ya Katanga". "Ya 1887" iwe "ilipigwa mwaka 1887". Kisha mwulize muuzaji kwa maandishi kama anazikubali sentensi hizo. Akikubali, ametoa kauli ambayo anaweza kushikwa nayo, na ambayo kampuni ya mnada inaweza kuipima kesi ikifika. Akirudia kirai kilekile, au akajibu kwamba "picha zinaonyesha kila kitu", basi amekwisha kujibu.

Mwaka ulioandikwa na mwaka uliopigwa

Mfano bora wa -a ya wakati ni riyali ya Maria Theresa, fedha iliyotumika sana Zanzibar na katika biashara ya pwani nzima karne ya 19. Malkia huyo wa Austria alifariki mwaka 1780. Sarafu zenye sura yake ziliendelea kupigwa baada ya kifo chake zikiwa na mwaka uleule wa 1780, kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Afrika Mashariki walizoea sura hiyo na hawakutaka nyingine. Zilipigwa Vienna, na katika karne ya 20 pia Roma, London, Paris, Bombay na hata Brussels. Kila moja ina uzito wa karibu gramu 28, kila moja ni fedha ya kweli, na kila moja inasema 1780.

Je, hizo ni bandia? La. Zilipigwa kihalali na watu waliojua wanachofanya. Lakini mtu anayeiuza moja iliyopigwa miaka ya 1930 kwa maneno "sarafu ya mwaka 1780", kwa bei inayolingana na umri huo, ametengeneza udanganyifu bila kugusa chuma hata kidogo. Tarehe iliyo juu ya sarafu ni alama kama alama nyingine za lugha: inaashiria jambo kwa makubaliano ya watu, na makubaliano hayo yaweza kuwa tofauti na vile mgeni anavyodhani.

Hapa Kiswahili kinatusaidia, kwa sababu kina maneno kadhaa ambayo watu huyachanganya lakini yanafaa kutenganishwa. Nakala ni mfano uliotengenezwa bila kuficha kwamba ni mfano. Ghushi ni kitu kilichotengenezwa ili mtu adanganyike. Neno hilo limetoka Kiarabu na limekuja na maana yake ya hila. Bandia ni neno pana linalofunika yote mawili, ndiyo maana nimelitumia katika kichwa cha makala. Tofauti kati ya nakala na ghushi haimo ndani ya chuma. Imo katika maneno yanayokisindikiza. Marekani ilitambua jambo hili katika sheria yake ya mwaka 1973 inayodai kwamba kila mfano wa sarafu uandikwe neno COPY juu yake. Sheria hiyo inakitaka chuma chenyewe kibebe sentensi ya kweli, ili muuzaji wa pili au wa tatu asiweze kuibadilisha. Ndiyo sababu ukiona picha ya sarafu yenye sehemu ndogo iliyosuguliwa au kuchimbwa, mahali ambapo hapana sababu ya kuchakaa, uulize palikuwa na nini.

Kusoma maandishi ya sarafu

Sarafu ni matini fupi sana, na matini fupi haina nafasi ya kosa. Mwenye kughushi mara nyingi ananakili picha vizuri kuliko herufi, kwa sababu picha anaiona na lugha haijui.

Franka 5 za fedha za Dola Huru ya Kongo, zilizoanza mwaka 1887, zina sura ya Leopold II na maandishi yaliyofupishwa: LEOP. II R. D. BELGES SOUV. DE L'ETAT INDEP. DU CONGO. Upande wa pili upo usemi wa dola ile, TRAVAIL ET PROGRES, yaani kazi na maendeleo, maneno ambayo babu zetu walikuwa na tafsiri yao chungu. Kila kifupisho kinaweza kufunguliwa: R. D. ni "Roi des", SOUV. ni "Souverain", INDEP. ni "Indépendant". Nukta zipo mahali pake kwa sababu zinaonyesha neno limekatwa wapi. Sarafu iliyonakiliwa na mtu asiyejua Kifaransa hupoteza nukta, au huiweka katikati ya neno, au husogeza nafasi kati ya maneno mpaka vifupisho viungane.

Jina la nchi lina historia yake pia. Kongo ilikuwa dola ya Leopold binafsi kuanzia mwaka 1885. Ikawa koloni ya Ubelgiji mwezi wa Novemba 1908. Muuzaji anayetangaza "Kongo ya Ubelgiji, 1887" hajathibitisha kwamba sarafu ni ghushi, lakini amethibitisha kwamba hajui anachouza, na thamani ya maneno yake mengine ishuke kwa kiasi hicho.

Lugha mbili za koloni nazo ziligawana chuma kwa utaratibu. Katika miaka ya 1920, franka ya Mfalme Albert ilipigwa katika matoleo mawili: moja la Kifaransa, lenye ROI DES BELGES na CONGO BELGE, na jingine la Kiholanzi, lenye KONING DER BELGEN na BELGISCH CONGO. Kipande chenye upande mmoja wa Kifaransa na upande mwingine wa Kiholanzi kitazamwe kwa makini sana, kwa sababu huenda nusu mbili za sarafu tofauti zimeunganishwa. Katika miaka ya 1940 lugha zote mbili zikawekwa pamoja juu ya kipande kimoja, kama katika franka 2 za mwaka 1943 zenye pembe sita na tembo. Kwa hiyo swali la "ni lugha gani?" halina maana bila swali la "ni mwaka gani?"

Kisha kuna mfano ambao mwanafunzi wa lugha za Kiafrika hawezi kuupita. Mwaka 1967 nchi yetu iliacha franka ikachukua zaire, iliyogawanywa kuwa makuta 100, na kila likuta kuwa sengi 100. Sarafu za mwaka huo zinasema 10 SENGI, 1 LIKUTA, 5 MAKUTA. Upatanisho wa ngeli ya 5 na ya 6 umepigwa chapa katika chuma: li- kwa umoja, ma- kwa wingi. Mtu wa mbali anayebuni sarafu "adimu" ya aina hii anaweza kuandika LIKUTA mbele ya namba 5, na mtoto yeyote wa Likasi atacheka. Tena nchi ilipewa jina la Zaire Oktoba 1971. Sarafu ya mwaka 1967 inayojiita ya Jamhuri ya Zaire imejishtaki yenyewe. Sarafu hizo zimekwisha kufa, ila neno limebaki hai: Katanga nzima makuta ni pesa, hata aliyezaliwa baada ya zaire kutoweka analitumia.

Yale ambayo picha haifichi

Sipendi kumpa msomaji imani kwamba sarufi peke yake inatosha. Wapo wenye kughushi wanaojua kunakili kila nukta. Hapo ndipo chuma kinapohojiwa.

Sarafu halisi nyingi za zama hizi zilipigwa: kipande cha chuma kiliwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma cha pua na kugandamizwa kwa nguvu kubwa. Herufi zake huinuka kwa kingo kali na uwanja wake huwa laini. Ghushi ya bei rahisi husubiwa: chuma kilichoyeyuka humiminwa katika kalibu iliyotengenezwa kutokana na sarafu halisi. Ikipoa, herufi huwa za mviringo kama sabuni iliyotumika, uwanja huwa na vitundu vidogo vya hewa, na ukingoni huweza kubaki mstari pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Ndiyo maana picha ya ukingo ni muhimu kuliko picha ya tatu ya sura ya mfalme. Muuzaji asiyeionyesha aombwe.

Ghushi bora zaidi hupigwa kwa mihuri mipya iliyonakiliwa kutoka sarafu moja halisi. Udhaifu wake ni kwamba mihuri hunakili pia mikwaruzo ya sarafu ile mama. Sarafu mbili halisi zilizopita mikononi mwa watu tofauti haziwezi kuwa na mkwaruzo uleule, mahali palepale, kwa urefu uleule. Ukilinganisha minada kadhaa na kukuta kovu moja katika nyuso tatu, umeona alama ya muhuri wa kughushi. Kazi hii haihitaji gharama. Inahitaji kuhifadhi picha na kuwa na subira, kama tunavyolinganisha miswada miwili ili kujua ipi ilinakiliwa kutoka ipi. Kosa linalorithiwa ndilo linaloonyesha ukoo.

Mwisho ni uzito. Franka 5 za Dola Huru zilifuata kipimo cha umoja wa fedha ambao Ubelgiji ilikuwa mwanachama wake: gramu 25, fedha safi sehemu 900 kwa 1000, upana wa milimita 37. Mchanganyiko huo una uzito wa karibu gramu 10.3 kwa sentimita moja ya ujazo. Shaba iliyochanganywa na nikeli, ambayo hupendwa na wenye kughushi kwa weupe wake, ina karibu gramu 8.9. Kipande cha ukubwa uleule kilichotengenezwa kwa mchanganyiko huo kitakuwa na gramu 21 na kitu. Ili kifikie 25, ni lazima kiwe kinene au kipana zaidi. Kwa hiyo omba uzito, upana na unene pamoja. Namba moja hudanganya kwa urahisi, ila namba tatu zinazopaswa kukubaliana huwa ngumu kuzitunga. Sumaku pia inasaidia, ingawa kwa upande mmoja tu: ikinasa, fedha na dhahabu zimekwisha kutoka katika mazungumzo, isiponasa, hujajua lolote bado, kwa maana risasi na shaba nazo hazinasi.

Uzuri wa kazi usikuongoze peke yake. Sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye tembo zilipigwa Tabora mwaka 1916, wakati wa vita, kabla mji ule haujatekwa na majeshi ya Kongo ya Ubelgiji mwezi wa Septemba. Zilipigwa kwa vifaa vya dharura, na dhahabu yake ni sehemu 750 kwa 1000 tu. Anayetarajia ung'avu wa sarafu ya Ulaya ataikataa ya kweli na kukumbatia ghushi iliyopambwa, na za kughushi katika aina hii zinajulikana sana.

Franka 5 za mwaka 1961

Hapa nieleze jambo lililotokea Mulungwishi wakati wa likizo, kwa sababu linaonyesha hali ambayo miongozo mingi haiitaji.

Serikali ya Moïse Tshombe, iliyotangaza kujitenga kwa Katanga Julai 1960, ilitoa sarafu zake mwaka 1961. Upande mmoja una ndizi, upande mwingine una msalaba wa shaba, pamoja na jina la Benki ya Taifa ya Katanga. Kulikuwa na franka 1 na franka 5 za bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Tena kulikuwa na franka 5 za dhahabu, zenye picha zilezile na upana unaokaribiana sana. Kwa mtu anayetazama picha kwenye simu, tofauti pekee ni rangi, na rangi inaweza kupakwa.

Mwalimu mmoja mstaafu, mzee tunayemheshimu sana, alikuwa na franka 5 aliyoachiwa na kaka yake mkubwa. Ilikuwa ya njano, inang'aa. Kijana wa ukoo anayeishi Ulaya alikuwa ametayarisha tangazo la mnada: sarafu ya dhahabu ya Katanga ya 1961, kutoka familia ya Katanga. Fedha zingelipa karo ya mjukuu aliyekuwa anaanza shule ya uuguzi. Mzee aliniita kwa sababu aliambiwa nasomea maneno, akaniuliza kwa Kiswahili cha kwetu: "Mwana, hii ni makuta ya kweli ao ya bongo?"

Swali lake lilikuwa na majibu mawili, ya kweli au ya uongo. Tulipofungua -a moja baada ya nyingine, tukapata jibu la tatu. Ilitolewa na Benki ya Taifa ya Katanga? Ndiyo: herufi zilikuwa kali, ndizi zilikuwa na mikunjo yake, ukingo haukuwa na mstari wa kalibu. Ilipigwa kwa ajili ya toleo la 1961? Hapakuwa na sababu ya kukataa. Imetengenezwa kwa dhahabu? Tulipanda gari kwenda Likasi, kwa sonara mwenye mizani ndogo. Mizani ikaonyesha chini kidogo ya gramu 6.5.

Franka 5 za dhahabu zina gramu 13.33. Za bronzi zina karibu gramu 6.5. Hesabu inaeleza kwa nini: dhahabu ya sehemu 900 ina karibu gramu 17 kwa sentimita ya ujazo, bronzi chini ya 9, na kwa ukubwa uleule ya dhahabu ni lazima iwe na uzito wa karibu mara mbili. Sonara akaigeuza chini ya taa, akatuonyesha ukingoni mahali ambapo upako umeliwa na wekundu wa shaba unachungulia. Mtu fulani, zamani, aliipaka dhahabu sarafu halisi ya bronzi. Pengine aliipenda tu hivyo, aivae shingoni. Hapakuwa na ghushi mpaka siku ile ilipoandikwa sentensi.

Nilimweleza: "Papa, pesa ni ya kweli. Neno moja katika tangazo ndilo la uongo." Alinyamaza kitambo. Gramu 12 za dhahabu safi zilikuwa zimeondoka mezani, na karo ilibidi itafutwe kwingine. Kisha akasema, "Andika vile iko." Tukaandika: franka 5, Katanga, 1961, bronzi, gramu 6.4, ilipakwa rangi ya dhahabu baadaye, upako umetoka ukingoni, picha nne, moja ya mizani. Hakuna -a moja iliyobaki bila maelezo.

Angalia pia nguvu ya maneno "kutoka familia ya Katanga" katika tangazo la kwanza. Yalikuwa kweli tupu, na ndiyo yangeuza uongo. Mnunuzi wa mbali huamini kwamba mtu wa Katanga hawezi kukosea kuhusu Katanga. Kwa istilahi za Grice, msomaji huongeza kidokezo ambacho muuzaji hakukisema: kwamba asili ya mtu ni ushahidi wa asili ya kitu. Sisi tunaotoka huku tuna sababu ya ziada ya kulinda neno hilo, maana likichakaa halitatusaidia hata siku tutakaposema kweli.

Msalaba usio na maandishi

Msalaba wa shaba, handa, hauna herufi hata moja, kwa hiyo tangazo ndilo matini pekee. Misalaba ya aina hii imefukuliwa katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, tangu uchimbaji wa akina Jacques Nenquin na Jean Hiernaux mwishoni mwa miaka ya 1950 na baadaye wa Pierre de Maret. Utafiti huo ulionyesha kwamba kadiri karne zilivyopita misalaba ya makaburini ilizidi kuwa midogo na ya vipimo vinavyofanana, jambo linaloonyesha kwamba ilikuwa ikigeuka kuwa fedha. Misalaba mikubwa ya karne ya 19, yenye upana wa karibu sentimita 20, ni ya zama za biashara ya Msiri wa Bunkeya.

Msalaba wa zamani ulisubiwa kwa kumimina shaba katika kalibu ya mchanga, hivyo uso uliotazama juu hautofautiani kwa ajali na ule uliolala mchangani. Unene hubadilika na kingo huyumba. Uliokatwa kwa msumeno kutoka bamba la kiwandani una unene mmoja kila mahali. Kutu ya kijani ya miaka mingi imeshikamana na chuma. Ya kupakwa kwa chumvi na siki hutoka kwa kitambaa chenye maji. Mtu anaweza kuomba video fupi ya jaribio hilo.

Lakini hapa ukweli wa kitu haumalizi maswali. "Msalaba wa Katanga" ukithibitika kuwa wa kale, -a nyingine inafunguka: umetoka wapi, nani aliutoa, lini? Ukiwa umetoka kaburini juzi, ni wa kweli na ni wa wizi. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali za utamaduni, na muuzaji mwaminifu ataeleza ulivyoondoka nchini. Mnunuzi anayeridhika na kutu nzuri bila kuuliza hilo anawalipa wanaochimba makaburi.

Sarufi ya tangazo

Baada ya kusoma matangazo mengi, nimeona dalili chache za lugha zinazojirudia. Ya kwanza ni kitenzi kinachokwepa: "inafanana na", "inang'aa kama", "niliambiwa kwamba". Ya pili ni mtendaji aliyepotea, kwa kauli ya kutendwa: "imethibitishwa", bila kusema na nani. Ya tatu ni hadithi ya babu, ndefu na yenye huruma, katika tangazo ambalo halina uzito wala upana. Ya nne ni neno linalogeuka kutoka lugha hadi lugha: maelezo ya Kifaransa yanasema « doré », yaani iliyopakwa dhahabu, na tafsiri ya chini yake inasema "ya dhahabu". Hapo soma lugha zote mbili na uamini ile inayoahidi kidogo.

Kwa anayetaka kununua, maswali matano yanatosha kuanzia. Nani aliitoa? Imetengenezwa kwa nini? Ilipigwa lini? Uzito, upana na unene wake ni ngapi, na picha ya mizani iko wapi? Ilikuwa kwa nani kabla yako? Majibu yahifadhiwe kabla dau halijawekwa, kwa kuwa tangazo hubadilishwa au kufutwa, na kumbukumbu ya mnunuzi si ushahidi.

Nimalizie kwa ombi kwa wenzangu. Kiswahili kina kupiga, kusubu, upako, ukingo, kalibu, nakala na ghushi. Kina karibu kila neno linalohitajika kueleza sarafu kwa ukweli. Kinachokosekana ni orodha iliyopangwa, ambayo kijana wa Mulungwishi, wa Tabora au wa Unguja ataifungua kabla ya kuandika tangazo lake. Kazi hiyo inaweza kufanywa na wanafunzi wa mwaka wa tatu katika muhula mmoja, kwa mizani ya kuazima na daftari. Niko tayari kuianza na yeyote atakayejiunga.